Likitajwa Jina la Mchumba

Hapa Kaisho habari haipandi bodaboda, inaruka. Kabla Revelian, fundi kutoka Rubwera, hajashusha begi lake la vifaa, sisi majirani tulishajaa sebuleni kwa Therese. Wengine makochini, wengine mlangoni, tunamenya ndizi za sherehe huku masikio yote yako kwenye ile amplifaya ya gitaa.

Ilikuwa ya marehemu mume wake, Bigirimana, mpiga gitaa wa kwaya yetu. Si hizi nyepesi za siku hizi. Ile ni nzito kama gunia la kahawa, na ndani ina vichupa vya kioo vinavyowaka taratibu, vyekundu kama makaa. Mpaka vipate moto haitoi hata mguno. Bigirimana akiwa kitandani, siku zake za mwisho, alisema tukisikia: "Uwitonze wangu akiolewa, gitaa langu lazima lilie."

Sasa binti anaolewa Jumamosi, na gitaa analipiga vizuri, baba alimfundisha. Ila sauti ilikuwa inatoka kidogo, inakata. Inarudi, inakata.

Therese alishaapa mbele yetu bombani. "Likikataa, na mimi nakataa. Baba mtu hamtaki huyo wa Ihanda."

Huyo wa Ihanda, ndivyo alivyomwita mchumba wa bintiye. Kijana wa watu, mkulima wa kahawa, mpole hadi anatia huruma. Anaitwa Dusabe, lakini mdomoni mwa Therese jina hilo lilikuwa halijapita hata mara moja.

"Shikamoo, mama," fundi akasalimu.

"Marahaba. Fungua hilo dude tujue moja."

Revelian akachomoa plagi, akafungua mgongo wa amplifaya, akatupungia tusogee nyuma. "Hii hata ukiichomoa, umeme hauondoki hapo hapo. Unabaki humo ndani, unakusubiri."

"Kama mawifi," nikasema.

Nyumba ikacheka yote, isipokuwa Bibi Kantengwa, mama mzazi wa marehemu. Masikio yake yamechoka, na Kiswahili hajawahi kukipenda. Alikuwa kwenye kiti chake na rozari yake.

Fundi akaiwasha ikiwa wazi. Uwitonze akapiga gitaa, fundi akawa anagonga kichupa kimoja kimoja kwa kijiti, polepole, kama mtu anayebisha hodi. Cha kwanza hakikusema kitu. Cha pili vilevile. Alipogonga cha pembeni, amplifaya ikakoroma, sauti ikakata, ikarudi.

"Mchawi wenu huyu hapa," akasema. "Kichupa chenyewe ni kizima. Soketi yake ndiyo imeachia risasi ya kuungia waya. Ikipata moto inatanuka, waya haugusi tena."

Akaizima, akasubiri, akachomea risasi mpya. Ilipowashwa tena, sauti ikatoka safi mpaka vikombe kabatini vikatetema. Therese akashusha pumzi, akakaa. Uwitonze kwa furaha akapaza sauti dirishani, "Dusabe! Njoo usikie!" Mwenzake alikuwa nje anapasua kuni.

Sauti ikafa.

Haikukoroma safari hii. Ilikuwa kama mtu aliyewekewa kiganja mdomoni. Vichupa vinawaka vilevile, mkono wa msichana bado unakwaruza nyuzi, na hakuna kitu. Kwenye kiti chake Bibi Kantengwa akapiga ishara ya msalaba, akainamisha kichwa.

Fundi akachungulia nyuma. Kuna swichi ndogo kule, ya kuipumzisha mashine bila kuizima. Ilikuwa imeshushwa.

"Nani kagusa?"

Nani aguse? Aliyekuwa karibu ni yeye mwenyewe. Akaipandisha, sauti ikarudi. Akaibana swichi kwa utepe mweusi wa mafundi, akaukandamiza kwa dole gumba. "Haya, ishuke tena tuone."

Dusabe akatokea mlangoni, shoka mkononi, jasho usoni. Nami kwa mdomo wangu nisiouweza nikasema, "Ingia, Dusabe, usiogope wakwe."

Sauti ikafa tena, na Bibi Kantengwa akapiga msalaba.

Swichi ilikuwa imeshuka, na utepe ulikuwa juu ya amplifaya, umekunjwa mara mbili, kingo zimelingana. Nani Kaisho hajui kwamba Bigirimana alikuwa hatupi kitu kabla hajakikunja? Hata ganda la pipi. Jirani mmoja akachukua kisu chake na sufuria, akatoka bila kuaga. Wa pili akamfuata. Nyumba iliyofurika ikaanza kuwa na nafasi.

Therese akasimama. "Mmeona? Jina lake tu hataki kulisikia."

Uwitonze akalilaza gitaa kochini, akajifunika uso kwa kitenge. Dusabe akaweka shoka chini taratibu. "Mama, mimi nitaondoka. Sitaki kugombana na mzee." Akageuka.

"Samahani," fundi akasema. Huyu ni Mnyambo, Kinyarwanda chetu hakijui. "Mbona bibi anapiga msalaba kila huyu kijana akiitwa?"

"Amezeeka," Therese akajibu kwa ukali. "Anadhani tuko kanisani. Kwa Kinyarwanda, dusabe ni tuombe. Padri akisema dusabe, watu wote..."

Hakumaliza. Nami nikakumbuka, maana niliimba nyuma ya Bigirimana miaka na miaka. Jina ukilizoea hulisikii tena kama neno. Padri akisema "Dusabe," mkono wa Bigirimana ulikuwa unarudi nyuma bila yeye kuangalia, unashusha ile swichi, kichwa kinainama. Hakuipandisha mpaka Amina. Gitaa, alikuwa akituambia, haliongei watu wakiomba.

"Therese," nikasema, "hajakataa. Anangoja tuombe."

Therese akaigeukia amplifaya. Kisha akasema, kwa mara ya kwanza, na sijui alikuwa anamwita mkwewe au anatuita sote:

"Dusabe."

Kijana akarudi, akapiga magoti kando ya Uwitonze. Tukainama. Therese akawaombea wote wawili, nyumba yao, shamba lao, watoto wao, sauti ikikwama na kuendelea. Nyuma yetu, pale penye amplifaya, nilisikia mtu akivuta pumzi. Sikufumbua macho. Ungefumbua wewe?

"Amina," Bibi Kantengwa akatangulia. Nasi tukafuata.

Tak.

Swichi. Halafu ule mguno wa vichupa.

"Chukua gitaa lako," Therese akamwambia bintiye, akijifuta macho. "Jumamosi unaolewa. Baba yako ameitikia."

Uwitonze akapiga, na sauti ikajaa nyumba. Hapo ndipo Revelian aliponivuta kitenge. Alikuwa amebandika mgongo ukutani, na mkononi ameshika plagi ya amplifaya. Woga ulimfanya aichomoe tangu sala inaanza.

"Umeme hubaki," akaninong'oneza, midomo mikavu. "Si nilisema? Hubaki."

Wimbo ulikwenda mpaka mwisho, na haukukata.