Rangi Isiyobanduka

Ikhlas alipofungua mlango wa oveni, kitu cha kwanza alichokiona ni mapovu. Bomba la kupeleka hewa kwenye injini ya gari la Dadacha, mchuuzi wa mbuzi, ambalo dakika ishirini nyuma alilitia humo likiwa limevikwa rangi ya unga laini kama poda ya mtoto, sasa lilikuwa na vipele kuanzia juu hadi chini, mithili ya mtu aliyelala kando ya mto bila chandarua.

"Mashallah," Shee akasema nyuma yake. "Binti katuchomea mahamri."

Gereji nzima ikaangua kicheko. Hata Tahir, mwenye gereji, ambaye hucheka kwa nadra kama mvua ya Januari, alijifuta mdomo kwa mgongo wa mkono. Kisha akatazama saa. Ilikuwa saa nne asubuhi.

"Tulikubaliana nini, Ikhlas?"

"Tulikubaliana kazi moja, fundi."

"Na kazi yenyewe ndiyo hii?"

Makubaliano aliyajua kwa moyo. Miezi minane iliyopita alifika Garsen na cheti chake cha chuo cha ufundi kwenye bahasha ya plastiki, akapewa karai la dizeli na brashi ili aoshe vyuma vilivyofunguliwa na wengine. Aliviosha. Huku akiosha, aliweka akiba, akanunua oveni kuukuu ya mkate kutoka kwa bekari iliyofungwa, akaagiza Nairobi bunduki ndogo ya kurushia rangi ya unga, ile inayoganda kwa moto badala ya kukauka kwa upepo. Wiki nzima alimbembeleza Tahir ampe kona moja. Tahir akampa kona na sharti: bomba la Dadacha litengenezwe kwa njia yake, likabidhiwe likiwa zima baada ya sala ya alasiri. Likifaulu, kona ni ya Ikhlas. Likiharibika, oveni iende kwa wauza vyuma chakavu, kona iwekwe matairi, na yeye arudi kwenye karai.

Matairi yenyewe yalikuwa yameshaletwa. Manne, yameegemezwa ukutani hatua mbili kutoka kwenye oveni.

"Shee," Tahir akasema, "lipige silva. Dadacha asije akakuta aibu."

Shee alikuwa mpiga rangi wa gereji hiyo kwa miaka mingi, mtu wa Kipini mwenye maneno matamu na mkono mwepesi. Silva yake iling'aa vizuri, na ndiyo waliyoitaka wenye magari, maana mnunuzi wa gari kule Madogo hufunua boneti kabla ya kuuliza lolote, na kinachomeremeta humtuliza. Ila Ikhlas aliujua mwisho wa mng'aro ule. Msimu wa mafuriko uliopita, Shee alilisawazisha bomba hilohilo kwa puti ya kuzibia mashimo na kulipiga silva nje na ndani. Ndani! Mahali ambapo injini inavuta pumzi. Wiki tatu baadaye gari likazimika katikati ya maji pale Gamba, nyuma yake akiwa amelazwa Christabel, mwalimu kutoka Ozi, aliyekuwa na uchungu wa kuzaa. Gari la Dadacha lilibeba mbuzi, lakini maji yakipanda ndilo pekee lililofika Ozi, kwa hiyo lilibeba pia wagonjwa na wazazi. Mtoto alizaliwa juu ya turubai la mbuzi, akalia, wote wakashukuru Mungu na kulaumu maji. Injini ilipofunguliwa, aliyeosha vyuma vyake ni Ikhlas, na yeye ndiye aliyekuta kwenye vali kipande cha puti chenye ngozi ya silva, kikubwa kama ukucha. Alikionyesha. Wakamwambia ni uchafu wa mto. Tangu siku hiyo alikihifadhi ndani ya kiberiti.

Sasa Shee alilinyanyua bomba kwa koleo, akalipeleka kwenye meza yake huku akipiga mluzi.

Ikhlas alibaki ameduwaa mbele ya oveni. Unga ulikuwa mzuri. Moto alikuwa ameupima. Bomba aliliosha kwa thina mara mbili. Kosa liko wapi? Akainama, akaingiza kichwa kwenye ule mdomo wa oveni uliokuwa bado na joto. Ndipo pua yake ilipomwambia jambo ambalo macho hayakuliona. Mle ndani hamkunuka rangi. Mlinuka Idi.

Kondoo. Kondoo wa kuchoma kabisa, yule wa mkia mnene.

Akatoka mbio.

Mnada wa mifugo haukuwa mbali. Dadacha alikuwa amesimama katikati ya mbuzi wake, fimbo imelazwa mabegani, mikono miwili ikining'inia juu yake.

"Asalaam aleikum, mzee."

"Waaleikum salaam, binti yangu. Bomba yangu imeiva?"

"Bado. Nimekuja na swali. Huwa unaipaka nini?"

Dadacha alimtazama kama aliyeulizwa kwa nini ananawa uso. "Mafuta ya mkia ya kondoo. Wewe umezaliwa wapi?"

"Karibu na Madogo, mzee. Kwetu ni wakulima."

"Aa. Basi nikufundishe. Maji ikipanda barabara, dereva wa huku haiingizi gari hivihivi. Anasimama, anafungua boneti, anapaka mafuta kila mahali bomba imeshikana na injini. Maji haipiti. Na ipake injini ikiwa moto! Ikiwa moto, inakunywa."

"Inakunywa," Ikhlas akarudia.

"Inakunywa sana. Kesho ukiangalia, imekauka, haiko. Unapaka tena."

"Na umefanya hivyo kwa miaka mingapi?"

"Kumi na moja. Kuna shida?"

Ikhlas alitaka kucheka na kulia kwa mpigo. Miaka kumi na moja ya mikia ya kondoo! Bomba lile lilikuwa la aluminiamu ya kumiminwa, chuma chenye vitundu vidogo visivyoonekana, na kila kitundu kilikuwa kimeshiba. Thina iliosha ngozi tu. Moto wa oveni ulipokolea, mafuta yalitafuta njia ya kutoka, yakakuta rangi imeziba mlango, yakaisukuma.

"Hakuna shida, mzee. Njoo baada ya alasiri."

Alipofika gerejini, Shee alikuwa ameshachanganya silva na kuanza na mfuniko wa vali wa gari hilohilo, uliokuwa ukikauka juani ukimeremeta kama samaki. Bomba lilisubiri zamu yake. Ikhlas akalichukua mezani.

"We! Weka hapo!"

"Sikunyang'anyi. Bado hujapewa."

"Tahir kanipa mbele ya macho yako."

"Fundi Tahir alisema baada ya alasiri. Adhuhuri bado haijaadhiniwa." Akageuka kumtafuta Tahir kwa macho, bomba kifuani kama mtoto. "Au siku zimefupishwa, fundi, mimi nikiwa sina habari?"

Mafundi waliacha spana zao. Tahir aliinua uso kutoka chini ya boneti. Hakuzoea kuulizwa hivyo na mtu wa karai.

"Na ukiliharibu tena?"

"Nitalibeba karai mwenyewe, na oveni nitaisukuma kwa mikono yangu hadi kwa wauza vyuma chakavu. Lakini silva halipakwi leo. Kama ni la kubanduka, heri libaki uchi."

"Mwanangu," Shee akasema kwa sauti ya asali, "chuma ni chuma. Rangi ni urembo. Unagombana na watu wazima kwa ajili ya urembo?"

"Rangi inayoingia tumboni mwa injini si urembo, mzee Shee. Muulize mwalimu wa Ozi."

Tahir akarudisha kichwa chini ya boneti, na kutoka humo sauti yake ikasema, "Alasiri."

Kazi ilimtoa jasho hadi kisigino. Alikausha mchanga wa mto na kuuchekecha, akavaa kofia ya pikipiki na kufunga leso puani, kisha akaurusha kwenye bomba kwa kompresa mpaka vipele vyote vikabanduka na chuma kikabaki kijivu. Akaliosha bomba nje na ndani, akamwaga maji, akaosha tena, kwa sababu chembe moja ya mchanga iliyosahauliwa ingefanya kazi ileile ya puti. Hapo ndipo alipofanya jambo lililowashangaza wote: alilitia ndani ya oveni likiwa tupu, bila punje ya rangi, akaupandisha moto kuliko mwanzo.

Baada ya muda bomba likaanza kulia. Matone ya manjano yalijitokeza kwenye chuma kikavu, moja hapa, moja pale, kisha yakawa mengi, yakiteleza kwenye vile vidole vyake sita vya kupitishia hewa na kudondoka kwenye sinia. Harufu ikavuka barabara. Watu wawili waliokuwa wakinywa chai ng'ambo walikuja hadi mlangoni kuuliza nyama ni ya saa ngapi.

"Nyama ya gari," fundi mmoja akawajibu. "Ina misumari."

Alilitoa, akalifuta kwa kitambaa cheupe, kikawa cha manjano. Akalioka tena. Kitambaa cha pili kikapata doa. Adhuhuri ikaadhiniwa, akaswali, akarudi. Mara ya tatu kitambaa kilitoka cheupe kama kilivyoingia, naye akakiinua juani akikigeuzageuza, asiamini.

Ndipo alipoziba midomo yote ya bomba. Ndani halikutakiwa kuingia hata vumbi la rangi, na nyuso zake zinazobanana na injini alizifunika kwa utepe wa kustahimili moto, maana rangi ikikaa pale hewa itapata mwanya. Akarusha unga mweusi polepole. Akafunga oveni. Akakaa chini mbele yake, mgongo ukiwa umeelekea matairi.

Dadacha alifika na vumbi la mnadani miguuni. Bomba lilikuwa mezani, limepoa, jeusi tii, laini, bila kipele.

"Nyeusi?" akasema, uso ukimshuka. "Mimi ninajua inang'aa."

"Nilijua utapenda hii," Shee akadakia, akiuweka mfuniko wa silva kando yake. "Tazama. Bomba nalo nitakupigia sasa hivi, halichukui nusu saa."

"Haya," Ikhlas akasema. Akachovya tambara kwenye lile karai la dizeli alilooshea vyuma miezi minane, akampa Dadacha. "Mzee, usinisikilize mimi wala yeye. Sugua mwenyewe. Injini yako inamwagikiwa na hii kila siku."

Dadacha akausugua mfuniko. Tambara likatoka na silva, na kidole chake pia. Akasugua bomba. Akaongeza nguvu. Akatoa kisu chake kidogo cha ala, Shee akapiga kelele "Haya sasa!" na Dadacha akakwaruza. Kisu kiliacha mstari mwembamba kama unywele, rangi ikabaki imeshika pale pale.

"Haitoki," Dadacha akasema, na ilikuwa kana kwamba analilalamikia bomba.

"Haitoki. Na ndani sijapaka chochote." Ikhlas akatoa kiberiti mfukoni, akamwagia kiganjani kile kipande cha puti. "Hiki ndicho kilichokuzimishia gari Gamba. Si maji."

Dadacha alikigeuza kwa ncha ya kisu. Hakumwangalia Shee, na hilo lilikuwa zito kuliko kama angemwangalia. Shee akachukua mfuniko wake, akaanza kufuta kidole kisichokuwa na doa.

"Na mafuta yangu ya mkia?" Dadacha akauliza mwishowe, shingo imesimama. "Hiyo mimi siachi. Hata uniambie nini."

"Paka, mzee. Nje tu. Sasa halinywi tena."

Mzee akacheka, meno yote nje, akalibeba bomba kwapani mwenyewe kulipeleka kwenye gari.

Tahir alitembea hadi ukutani, akainamisha tairi la kwanza, akalisukuma likabingirika hadi uani. Akarudi akiwa anajipangusa mikono, kama mtu aliyemaliza.

"Yamebaki matatu, fundi," Ikhlas akasema.