Carama Anangoja Zamu

Saa nne asubuhi Lisette alituma kazi zake kwenye kompyuta kubwa za kituo cha Kigobe, zinazotumiwa na ofisi nyingi kwa pamoja. Kila kazi ilikuwa hesabu ya mtaa mmoja: mvua ya jioni ikinyesha, maji yatafika wapi. Kanuni iliruhusu kila mtu kazi mbili kwa wakati mmoja, mashine zisielemewe. Mbili zikaanza. Zilizobaki zikatoka mashineni, zikakaa kwenye benchi la korido.

Mlinzi, Mawazo, aliziletea chai, maana mgeni haachwi hivi hivi. Zilikuwa na sura za watu, na ndani yao ulionekana mtaa mzima, mabati, migomba, hata moshi wa jikoni. Kazi ya mtaa wa Carama ilikuwa mama mnene wa kitenge. Kifuani mwake Lisette aliiona nyumba ya mama yake, nguo zimeanikwa uani. Alipendezwa mno, akajikuta ananong'ona kama yuko kanisani.

Kazi za Valéry, mkuu wa kituo, zilikuwa zinapima hoteli ya shemeji yake huko Kinanira, kila dirisha lilione ziwa vizuri. Hizo hazikuwa na kikomo. Zilipita na suti zao, na Carama, kwa malezi yake mema, alisimama kila mara kuzipisha.

"Chef, Carama anangojea tangu asubui," Lisette alisema.

"Kila mutu kazi mbili. Ni règlement."

"Na za kwako?"

"Zangu ni za service, kazi ya ofisi."

Valéry hakuwa na kiburi. Aliwapa mkono wote waliokaa kwenye benchi, akawaulizia hali.

Lisette akampigia mama yake. "Mama, toka mu nyumba."

"Mashini imesema?"

"Bado."

"Basi ikisema utaniita." Mwaka uliopita mama alihamishwa bure, maji hayakufika, wezi wakabeba masufuria.

Alasiri mvua ilianza kunyesha ndani ya Carama. Wafanyakazi walitoka ofisini kutazama, wengine wakavua kofia. Mawingu ya mtaa mzima yalijikusanya chini ya kidevu chake, radi ikamulika bega, matone madogo kuliko chembe za unga yakapiga mabati. Kisha maji yakaanza kumtiririka miguuni, na Valéry akamwomba Mawazo alete raclette, ule mpira wa kusukumia maji, akaushe sakafu.

Zamu ya Carama ilifika saa kumi na moja. Aliingia akiacha nyayo za matope, na hesabu ikatoka safi, nyumba kwa nyumba. Nyuma yake suti nyingine zikapita bila kungoja.

Lisette akapiga simu. Sauti ya mama yake ilisikika kwa shida, maji yalikuwa yanavuma.

"Mama, mashini imesema utoke."

"Asante, mwanangu," mama akajibu, amesimama juu ya meza. "Imesema nipite wapi?"