Vidole vya Mama Niyigena

Mama Niyigena alikuwa amebakiwa na siku kumi na sita kufika Botswana, na pasipoti yenyewe hakuwa nayo. Usimwonee huruma bado. Mwenyewe hata hakuwa na habari. Asubuhi ile alipanda nyuma ya pikipiki ya Dastan na kitenge chake kipya, bahasha ya vyeti kaibana kifuani ndani ya sweta, na kutoka Songambele mpaka Rubwera akaimba nyimbo za kwaya bila kuruka ubeti. Dastan, mtu mzima mwenye kitambi na cheo cha mzee wa kanisa, alijikuta anaitikia besi huku anakwepa mashimo.

Jina lake la kwenye vyeti ni Gloriose Mukabera, lakini hilo alilisikia kliniki na siku ya kupiga kura tu. Kwingine kote ni Mama Niyigena, na huyo Niyigena ndiye mwanawe wa pekee, mwalimu wa hesabu huko Gaborone, ameolewa na Clavery wa Muleba. Kwa miaka tisa ya ndoa mimba tatu zimetoka. Hii ya nne imeshikilia, jamani, imeshikilia mpaka mwezi wa nane, na madaktari wamepanga kumpasua tarehe ishirini na mbili. Niyigena si mtu wa kuombaomba. Alipiga simu, akauliza habari za mvua, akauliza habari za ng'ombe, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayejizuia, "Mama, naomba uwepo." Akakata.

Basi hapo nani angelala? Mkwe alishakata tiketi ya tarehe kumi na nane. Leo ni tarehe sita, siku ya mwisho ya wale maofisa wa uhamiaji waliokuja Rubwera kwa siku mbili na mashine yao ya alama za vidole. Pasipoti inachukua siku kumi kutoka. Mama Niyigena hakusoma hesabu kama bintiye, ila hesabu hii alikuwa nayo kichwani kama sala ya Bwana.

Kilichokuwa kinamkosesha usingizi ni maswali. Baba yake, mzee Hategekimana, alitoka Rwanda kabla ya Uhuru kuja kuchuma kahawa ya watu, akaoa, akazika, akazikwa, asirudi tena. Yeye Gloriose kazaliwa Songambele, kabatizwa Songambele, lakini watoto wa watu kama mzee Hategekimana wanajua kwamba dirishani huulizwa maswali mawili zaidi ya wenzao. Ndiyo maana jirani yake Pastory, mwalimu mstaafu anayependa sana kuheshimiwa, alimfundisha wiki nzima. Alijifunga tai, akakaa nyuma ya turubai la kahawa kama yuko mezani, akamhoji. Babu yako kazikwa wapi? Mwenyekiti wa kijiji mwaka sabini na nne alikuwa nani? Mara mbili alimfelisha, na mara ya pili Mama Niyigena alimrushia kandambili.

Kwa hiyo kwa maswali alikuwa ameiva. Ila hakuna aliyewaza habari ya vidole.

Sasa sikiliza kosa lenyewe, na usiseme wewe usingelifanya. Songambele mtu haondoki hivi hivi, lazima aagwe. Na majirani, waliposikia kwamba Mama Niyigena anakwenda kushughulikia pasipoti, kwao alikuwa ameshaipata, ameshapanda ndege na ameshatua. Wakamwandalia sherehe jana yake, mchana, kabla hajaenda hata kupiga picha. Ikaletwa mikungu kumi na mitatu ya ndizi za kupika. Wanawake wakakaa kwenye majani, visu vikatoka, wakamwambia mgeni wa heshima atulie kitini.

Atulie? Huyu? Mwanamke anayemenya ndizi kwa kasi ambayo wengine hutumia kuzihesabu? Alivumilia kidogo tu, akashuka kitini, akanyang'anya mtu kisu. Beata, rafiki yake, alimwambia walau apake samli viganjani kwanza ili utomvu usimgande. Akajibu samli ni ya maharusi. Akamenya mikungu saba peke yake, akisimulia ndege zilivyo, yeye ambaye ndege amezitazama kutoka chini tu. Jioni alinawa kwa sabuni, na utomvu wa ndizi sabuni huwa unaicheka. Alilala na viganja vyeusi kama mchoma mkaa, wala hakujali, maana wilaya nzima ya Kyerwa nani aliwahi kushtuka kwa mikono yenye utomvu?

Foleni ya Rubwera ilikuwa na watu kama thelathini kwenye mabenchi, wengine wafanyabiashara wa Murongo waliochoka kuvuka mpaka kwa vikaratasi vya muda. Zamu yake ilifika karibu saa saba. Ndani alimkuta afisa kijana, Mutalemwa, shati jeupe pe, lafudhi ya Muleba haijifichi. Alimwamkia shikamoo, akapekua vyeti vyake, akamuuliza maswali matatu tu, akasema asante, inatosha.

Mama Niyigena aliudhika. Wiki nzima ya Pastory, halafu maswali matatu? Akaendelea mwenyewe. Akamtajia alipozikwa babu, akamtajia mpaka wa shamba ulipo mti wa mrumba, akamtajia wenyeviti wa kijiji kwa kufuatana, na mmoja wao akamtajia na alivyofumaniwa. Mutalemwa aliinamisha kichwa mabega yakimtetemeka. Kwenye picha ikawa vituko vingine, kwa sababu anayepigwa picha ya pasipoti hatakiwi kucheka, na furaha ilikuwa imemjaa mpaka kwenye meno. Picha nne ziliharibika. Ya tano alifumba mdomo kwa nguvu akatoka kama anayenusa kitu kibaya, na ikapita.

Kisha akaambiwa aweke kidole kwenye kioo. Akaweka. Taa nyekundu. Kingine, nyekundu. Mutalemwa akafuta kioo, akafuta tena, akajaribu vyote kumi. Nyekundu tupu. Akashika kile kiganja, akakigeuza kwenye mwanga, akauliza kama jana palikuwa na shughuli nyumbani.

Alimweleza taratibu, bila dharau hata chembe. Utomvu umeziba mistari yote ya vidole, mashine inaona uwanda mtupu. Utabanduka wenyewe kwa wiki moja hivi, basi aje ofisini kwao Bukoba wiki ijayo, atapokewa vizuri. Mama Niyigena akapiga ile hesabu yake. Wiki ya vidole, siku kumi za kitabu, siku za njiani. Mtoto atakuwa ameshatolewa, na Niyigena atakuwa ameingia chumba cha hospitali peke yake mara ya nne. Machozi yakamtoka hapo hapo mbele ya watu, na asiweze hata kuyafuta kwa ile mikono.

"Baba," alimwambia, "mjukuu wangu anazaliwa tarehe ishirini na mbili. Nilimwahidi mama yake. Usinirudishe."

Mutalemwa alitazama saa ya ukutani. "Mama, nikizituma hivi zitakataliwa, utapoteza siku bure. Ila mimi nafunga saa kumi. Ukiniletea vidole safi kabla ya hapo, nitavipokea."

Alitoka nje anatembea kama kapigwa rungu. Lakini kumbuka mlango ulikuwa wazi muda wote, na foleni ya watu thelathini haina kazi nyingine zaidi ya kusikiliza. Walishajua yote, tarehe, binti, mimba tatu. Kabla hajakaa, kila mtu ana dawa. Huyu anasema ndimu, yule majivu. Privatus, karani mwenye tai na miwani, anashauri dawa ya meno kwa sababu za kisayansi. Mwanamke mmoja mnene, Uwamahoro, anayeuza vitenge Murongo, akasimama akafunga khanga kiunoni. Akatangaza kwamba amelelewa chini ya migomba na hapa hakuna wa kumwambia kitu kuhusu utomvu. Ni petroli, kisha mafuta ya kupikia, kisha majivu, kisha sabuni, na atakayebisha afunge mdomo aende kuleta ndoo.

Kuanzia hapo ikawa harusi bila bwana harusi. Dastan alifyonza petroli kwenye tangi la pikipiki yake, akameza kidogo, akatema kwa dakika kumi. Mzee aliyekuwa anavuta sigara alifukuzwa mpaka ng'ambo ya barabara. Muuza chipsi alitoa mafuta na kusisitiza ni mapya, jambo ambalo hakuna aliyelisadiki. Mama Niyigena aliwekwa kwenye benchi mikono mbele, watu wawili wakashika kulia, watatu kushoto, kila mmoja na kidole chake, wakasugua. Na hapo ndipo ilipojulikana kwamba mama huyu ana mtekenyo usio wa kawaida. Alianza kwa kukoroma, akapasuka kicheko, akaanguka benchini na wale watano wakaanguka naye bila kuachia vidole, na machozi ya uchungu na ya kicheko yakachanganyika asijue yapi ni yapi. Kwa saa mbili foleni haikusogea kwa sababu hakuna aliyekubali kuingia ndani na kukosa.

Saa tisa na nusu vidole vilikuwa vyekundu, vimekunjamana, vinanuka kama karakana yenye jiko. Walimpitisha mbele ya wote, kisha wakajazana mlangoni na madirishani. Mutalemwa akafuta kioo chake.

Kidole gumba cha kulia. Taa ya kijani. Watu wakasema moja. Cha pili, kijani, wakasema mbili. Walihesabu kwa sauti kama watoto wa chekechea, na Privatus ndiye aliyepayuka kuliko wote. Walipofika tisa, kikabaki kidole kidogo cha kushoto, na taa ikawaka nyekundu. Akarudia, nyekundu. Saa kumi kasoro dakika sita. Mutalemwa alisimama, akazunguka meza, akakishika kile kidole, na kwa kuwa hakuwa na kitambaa akakisugua kwa mkono wa shati lake jeupe, mara moja, mara mbili, mpaka shati likabaki na doa la kahawia lisilotoka milele. Akakiweka kwenye kioo mwenyewe kwa upole.

Kijani.

Vigelegele vilivyopigwa pale walivisikia sokoni. Dastan alicheza na kitambi chake chote, Privatus alimkumbatia mlinzi, Uwamahoro alikaa chini akalia kama aliyezaa yeye. Mutalemwa alijaribu kuonekana afisa, akashindwa. Akasema tarehe kumi na sita, mama, njoo Bukoba na kitambulisho.

Simu ikatafutwa ndani ya sweta, na kwa kuwa mikono ya mwenyewe ilikuwa inateleza, Uwamahoro ndiye aliyepiga na kuweka sauti kubwa. Niyigena alipokea mara moja, kana kwamba alikuwa ameishika.

"Vidole vimesoma, mwanangu. Nakuja."

Upande wa pili ikasikika pumzi, ndefu, yenye kukatikakatika. Mama yake alijua kwamba kwa miezi minane yote yule binti hakuwa amenunua hata kofia ya mtoto, wala hakuwahi kutamka neno mtoto, akisema "hali yangu" tu, kama mtu anayeogopa kuamsha kitu. Alisubiri, na foleni nzima ikasubiri naye.

"Mama," Niyigena alisema hatimaye, "nataka niende dukani sasa hivi. Beseni la kumwogeshea mtoto ninunue la ukubwa gani?"

Mama Niyigena akatandaza mikono yote miwili hewani, amwonyeshe mtu aliye Gaborone. Uwamahoro akasema hilo ni dogo, Privatus akasema ni kubwa mno, na Mutalemwa akachungulia dirishani na shati lake lenye doa, akasema aongeze kidogo.