Zana Zilizoondoka na Jina Langu

Kabla kompyuta haijafika kituoni petu Dabaso, mwaka wa themanini na saba, mimi Thoya nilikuwa mtu wa jenereta. Jenereta yenyewe ilikuwa kaidi, na duniani kote ni mimi peke yangu niliyejua pa kuipiga teke. Kituo kilikuwa cha kuchunguza mikoko na samaki. Miaka tisa nilikifanyia kazi kama kibarua: kila Desemba barua ya kuniaga, kila Januari barua ya kunirudisha.

Kompyuta ililetwa na wafadhili. Wanaume sita waliibeba kutoka kwenye lori, na mmoja wao hadi leo hutembea ameinamia kushoto. Ilikuwa inaendeshwa kwa mfumo uitwao Yuniksi. Humo kila mtu huingia kwa jina lake na neno lake la siri, na kila mwenye jina ana chumba chake humo ndani. Pamoja nayo zilikuja disketi kumi na nne za zana za kutengenezea programu, na kitabu kinene kama tofali. Mkuu wa kituo, Bwana Phineas Kamande, alikuwa ametundika shahada mbili ukutani, lakini kitabu kile kilimshinda ukurasa wa tatu.

"Thoya," akaniita, "wewe husomasoma vitu. Wafadhili wanakuja tarehe ishirini. Wanataka waione mashine ikipiga hesabu ya maji kujaa na kupwa hapa Mida. Programu ninayo kwenye karatasi, bado zana tu. Zikikaa, kazi ya mwendesha kompyuta ni yako. Ya kudumu, na ile nyumba ya getini."

Jioni ile mke wangu Kadzo aliwaambia watu wa Gede wote, na waliokuwa wamelala akawaamsha. Kesho yake alikuwa getini anapima madirisha ya nyumba ile kwa leso, apate kushona mapazia. Manne.

Kitabu kilisema zana ziwekwe mahali pa watu wote. Nikaenda kuomba neno la siri la mkuu, lile linalofungua mashine nzima.

"Neno la ofisi nimpe mtu wa jenereta?" Bwana Kamande akacheka. "Weka huko huko kwako."

Basi nikaziweka chumbani kwangu humo ndani ya mashine. Disketi nane ziliingia bila maneno. Ya tisa ikagoma kusomeka. Ilikuwa imekula unyevu wa chumvi, kama kila kitu pale. Nikaipeleka nyumbani nikaizika kwenye kopo la mchele, mchele uunyonye unyevu ule.

"Baba Sidi," Kadzo akaniuliza, "mchele huu tutaula, ama tutaungoja uzae nyingine?"

Siku ya tatu ikasomeka. Zikaisha zote kumi na nne. Nikaandika amri ya kuziita zile zana. Mashine ikajibu: haipatikani. Nikafuta nikaanza upya. Haipatikani. Mara ya tatu jenereta ilikuwa imekunywa dizeli ya kumfikisha mtu Khartoum, na jibu ni lile lile.

Ndipo nikaacha kuziweka, nikaanza kuzitafuta. Zilikuwemo! Zimekaa chumbani mwangu, hakuna hata moja iliyopungua. Mashine ndiyo haikujua pa kuzitafuta. Yuniksi ina orodha ya mahali pa kutafuta vitu, na kila mtu ana orodha yake. Mahali pasipotajwa humo, mashine haiendi. Nikaongeza mstari mmoja kwenye orodha yangu. Sasa ikaita zana, lakini zile kuukuu ilizokuja nazo kutoka kwao, zilizotangulia kwenye orodha, na hizo programu yetu hazikuielewa. Nikauhamisha mstari wangu ukakaa mbele.

Ikakubali. Ikaniandikia saa ya bamvua ya Ijumaa, yale maji makubwa ya kujaa. Nikaazima saa, nikaenda kusimama ukingoni Mida, na maji yakagusa alama ya bamvua niliyoichora kwenye mkoko dakika ile ile. Ukitaka kunibishia, nibishie.

Tarehe kumi na tisa nikamwendea mkuu. "Bwana Mkubwa, liko jambo moja. Kesho ukiingia kwa jina lako haitapatikana. Zana ziko kwangu, na orodha iliyonyooka ni yangu. Nipe lile neno nizihamishe, ama uingie kwa jina langu."

"Mbele ya wageni," akasema, "mimi niandike Thoya?"

"Ni herufi tano tu, Bwana."

"Toka."

Kesho yake wageni wawili wakakaa, chai ikaletwa na mahamri. Bwana Kamande akaingia kwa jina lake, akaandika amri. Haipatikani. Akaandika tena kwa nguvu, kama kwamba mashine ilikuwa kiziwi. Haipatikani. Mgeni mmoja akatazama saa yake.

Hapo ndipo nilipokosea, na mimi nikidhani ndipo napatia. Nilikuwa nimesimama mlangoni; nikasogea kwenye mashine, nikasema, "Samahani, Bwana," nikaandika jina langu. Maji ya mwezi mzima yakamiminika kwenye karatasi. Wageni wakapiga makofi, wakanipa mkono mimi. Bwana Kamande naye alipiga makofi, ila macho yake hayakuwa kwenye karatasi.

Barua ilikuja baada ya wiki mbili. Ilisema nimeficha zana za kituo chumbani kwangu kwa manufaa yangu. Kazi alipewa Laban, mtoto wa dada yake Bwana Kamande, pamoja na nyumba. Mimi nilirudishwa kwenye jenereta, kibarua, na Laban akaagizwa kwanza kabisa alifute jina langu.

Akalifuta. Chumba kikaenda na jina, na zana zikaenda na chumba.

Siku hiyo hiyo alikuja kwangu, kwenye banda la jenereta. Kijana mpole, shati limepigwa pasi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Zana sizioni. Nimezitia upya, lakini disketi ya tisa inakataa. Wewe ulifanyaje?"

Neno mchele lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Hakuwa amenikosea chochote, na nilijua hivyo. Lakini nyuma yake, getini, niliyaona yale madirisha manne.

"Sijui, mwanangu," nikasema. "Mimi ni mtu wa jenereta." Nikaipiga teke, ikanguruma, na alilolisema baada ya hapo sikulisikia.

Mashine ile haikupiga tena hesabu ya maji. Wafadhili walipokuja mara ya pili waliikuta imefunikwa shuka, wakaenda zao, na mwaka uliofuata kituo kikafungwa. Laban akakosa kazi, nami nikakosa jenereta.

Mapazia Kadzo alikuwa ameshayashona. Nyumba yetu ina dirisha moja. Ameyatundika yote manne hapo hapo, moja juu ya jingine, na kila nikitaka kuyapunguza husema, "Yaache, Baba Sidi." Mchana kutwa tunakaa na taa.