Nafasi ya Nne Kwenye Kikosi

Nyundo alikuwa na swali moja aliloliuliza kila alipokuja kumwona baba yake, tena huku bado anavua viatu mlangoni: hivi hili gemu bado linachezwa na nani duniani? Hakuwa akisubiri jibu. Alikuwa akicheka, anampiga baba begani, anaweka matunda mezani, na swali linabaki pale pale sebuleni mpaka Jumapili nyingine.

Dada yake, Chiriku, hakuwahi kupata jibu la kumtosha. Majina yao hayo si ya vyeti. Baba aliwapa wakiwa wadogo, mmoja kwa kuvunja kila alichokishika, mwingine kwa kusema kutwa nzima bila kupumua, na majina yakawaganda. Ya vyeti yalibaki shuleni na kazini.

Na ukweli usemwe, Nyundo alikuwa na hoja. Mchezo wenyewe ulikuwa wa zamani hasa. Unaunda kikosi cha wasafiri wanne, unawapa majina, unawashusha mapangoni chini ya mlima kutafuta kengele iliyoibwa. Hao wasafiri ni vinukta tu, upanga ni kistari, na joka, mungu wangu, joka lilifanana na kuku aliyenyeshewa. Mchezo haukuonyeshi njia. Ukitaka kujua uko wapi, chora ramani mwenyewe. Ukila uyoga usioujua, umekufa. Kila mlango una maneno ya kusoma, mengi kama hotuba ya harusi, na nafasi ya kuhifadhi ni moja tu: ukihifadhi ya leo, ya jana imekwenda. Michezo ya siku hizi, alisema Nyundo, ina sauti, ina muziki, ina mshale wa kukuongoza, na mtu akitabasamu unayaona meno. Kwa nini mtu ajitese?

Baba alijitesa kwa raha zake. Maisha yake yote alikuwa mpima ardhi, na mchezo unaomwambia mtu achore ramani yake mwenyewe kwake ulikuwa peremende. Alipostaafu, ofisi ilimpa kompyuta iliyokuwa inatupwa, naye akaiweka kwenye kona ya sebule na kuikalisha familia nzima mbele yake. Yeye akawa Mpimaji, mwenye upanga. Mama yao akawa Tulizo, mganga. Nyundo akawa Nyundo. Chiriku, kitinda mimba, akapewa upinde na kazi ya kusoma maneno kwa sauti. Ukuta wa kona ile ukajaa ramani kwenye karatasi za miraba, zimechorwa kwa penseli kali, ngazi na visima vimewekewa alama kama viwanja vya watu wenye hati.

Chiriku hakuupenda ule mchezo hata kidogo. Alikuwa mtoto, alitaka kwenda kuruka kamba. Lililomkera zaidi lilikuwa mpangilio wa msafara, maana katika mchezo ule anayetangulia ndiye anayepokea pigo la kwanza, na baba alimweka yeye nyuma kabisa, mwisho wa mkia. Alilia siku moja akitaka kuongoza. Baba akamwambia, “Wewe utatangulia nikishakufa mimi.” Akanuna mpaka wakati wa kulala.

Miaka ikaenda. Nyundo akaoa, akahamia kwake. Mama akafariki. Chiriku akabaki na baba, akapata kazi kwenye duka la miwani, chumba cha nyuma, kwenye jiwe la kusagia lenzi. Halafu usahaulifu ukaingia nyumbani. Ulianza na funguo, ukaja kwenye njia za mtaani alizozipima yeye mwenyewe, ukafika kwa watu. Daktari alieleza kwamba ugonjwa ule hula ya karibuni kwanza, ya zamani huyaacha mpaka mwisho. Alisema hivyo kama mtu anayefariji. Hakujua kwamba mbele yake amekaa kitinda mimba.

Nyundo, kifungua mimba, alijulikana kila alipokuja. Baba alimwona tu mlangoni na uso ukafunguka, mwanangu huyo, umevunja nini leo? Basi Nyundo akaamini mzee hajambo, anasahausahau tu kama wazee wengine. Chiriku alirudi kazini jioni, vumbi la lenzi kwenye nyusi, akasalimia, na baba akasimama kwa adabu zote kumkaribisha. Karibu dada. Umekuja kumwona nani?

Kila jioni. Mtu anaweza kuzoea mengi, lakini hilo halizoeleki.

Sasa ile kompyuta. Chiriku alikuwa akiiwasha bila kubishana, mashine ikaanza kukohoa na kunguruma, na upande wa kushoto wa kioo yakatokea majina manne. Baba aliyasoma kwa sauti kama mwalimu anayeita mahudhurio. Mpimaji. Nyundo. Tulizo. Akifika la nne alikuwa akitulia kidogo. “Chiriku.” Kisha anageuka, anamtazama aliyekaa pembeni yake, na unaona kabisa mtu anarudi kutoka mbali. “Chiriku, umerudi? Mbona umekonda hivi? Hao watu wa miwani hawakupi nafasi ya kula?”

Tangu hapo mpaka mashine izimwe, alikuwa na baba. Walitembea mapangoni, yeye akisoma milango, baba akifuata ramani ukutani bila kukosea hatua, akimtania kwamba anasoma kwa pua. Alimuuliza habari za kazini na kuzikumbuka kwa saa nzima. Wakihifadhi na kuzima, anaanza tena kumwita dada. Lakini ile saa ilikuwa yake. Alimweleza Nyundo jambo hilo zaidi ya mara moja, na Nyundo akamwambia kwa upole kwamba ni bahati tu, mzee akikaa vizuri anakumbuka, usimfungie maisha yake kwenye debe bovu.

Debe lenyewe lilianza kunuka. Siku moja katikati ya wiki Nyundo alipitia nyumbani mchana, akaiwasha ili baba ajishughulishe, na moshi ukatoka nyuma. Alichomoa waya na kumpigia simu dada yake. Chiriku alikuwa na lenzi kwenye jiwe, na kwenye kaunta ya mbele mteja analalamika kwamba miwani mipya inamfanya aone ngazi mbili. Kaka yake alisema jambo kuhusu moshi, kuhusu fundi, kuhusu kuunguza nyumba. Akasikia neno moshi tu. Akamwambia, kaka, fanya unavyoona, akarudi kwenye lenzi yake.

Nyundo akafanya alivyoona, na alifanya kwa moyo mweupe, hapo ndipo penye uchungu. Aliibeba mashine mwenyewe mpaka kwa fundi. Fundi akamuuliza aokoe nini. Picha zote, akasema Nyundo, picha za mama hasa, na barua za baba za ofisini. Na hili gemu? Nyundo akacheka. Achana nalo, limetoka jipya lake, lile lile limetengenezwa upya. Akatoka hapo akanunua laptopu, akaweka mchezo mpya ndani, akafuta vumbi kwenye ile kona, akaipanga vizuri chini ya ramani. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, lakini nani anakaa kuwasikiliza wahenga akiwa anamfurahisha baba yake?

Chiriku alipoingia jioni, aliwakuta wote wawili wanamsubiri. Baba akasimama, karibu dada. Nyundo akafungua laptopu kama mtu anayefunua keki. Milima ikatokea, theluji inaanguka, muziki unakufikia mpaka tumboni. Chiriku akauliza kikosi kiko wapi.

“Kikosi gani?”

“Kikosi chetu, kaka. Majina.”

Nyundo akasema mchezo wote umo humo, na zaidi. Akaeleza kwamba mapango yale yale yamo, hata uyoga umo. Chiriku akamwambia mapango hayamhusu, anauliza majina manne yaliyokuwa yamehifadhiwa, yako wapi. Alisema taratibu sana, na Nyundo alimjua dada yake vya kutosha kuogopa akiwa anasema taratibu. Akampigia fundi. Fundi akajibu kwamba picha zipo salama kabisa, barua zipo, na ile mashine ameshaifuta na kuikata vipuri mchana ule ule, maana si Nyundo mwenyewe alisema hakuna kingine? Nyundo akashusha simu. Usiache mbachao kwa msala upitao: hilo nalo wahenga walishalisema, na halikumsaidia mtu.

“Si mtaunda kingine,” akasema Nyundo, sasa kwa sauti ndogo. “Ni majina manne tu.”

Kumpigia kelele Chiriku asingeweza. Mtu ametumia akiba yake, amefuta mpaka vumbi, utamwambia nini? Alivuta kiti, akakaa pembeni ya baba mahali pake pa siku zote. Mikono ya mzee ilikuwa ikitetemeka, kwa hiyo kuandika lilikuwa jukumu lake. Na kusema kweli alikuwa na tumaini. Aliliona ni la kijinga, akalishika hivyo hivyo. Baba ndiye aliyetunga yale majina. Labda yako kwake pia.

Mchezo ukasema kwa sauti nzito, taja wasafiri wako wanne.

Baba akakaa sawa, mgongo ukanyooka. Wa kwanza hakuhitaji kufikiri: Mpimaji, mwenye upanga. Chiriku akaandika. Wa pili Tulizo, mganga, hana mpinzani, na baba akatabasamu, akauliza kama Tulizo yuko jikoni. Chiriku akasema ndiyo, yuko jikoni, kama alivyokuwa akisema kila siku. Wa tatu Nyundo. Hapo mzee alicheka mpaka akakohoa, akasimulia jinsi kijana huyo alivyong'oa komeo la choo akiwa na miaka minne na familia nzima ikaishi mwezi mzima ikiimba nyimbo chooni ili watu wajue kuna mtu. Nyundo, amesimama nyuma yao, akacheka naye.

Kisha nafasi ya nne.

Mstari ulikuwa unawakawaka kwenye kioo. Baba akautazama. Akatazama ramani ukutani, moja baada ya nyingine, kidole chake kikifuata ngazi na visima. Nyundo akafungua kinywa, na Chiriku akainua mkono bila kugeuka, kumnyamazisha. Alitaka lije lenyewe. Likija lenyewe, hata mara moja tu, angeweza kuishi na hayo mengine yote.

“Tulikuwa watatu,” baba akasema.

Akasema waanze. Chiriku akabonyeza, na mchezo ukakataa, nafasi ya nne haijajazwa. Akabonyeza tena. Ukakataa. Nyundo hakuweza kuvumilia zaidi, akainama karibu na sikio la mzee.

“Baba, huyu ni binti yako.”

Mzee akamtazama Chiriku. Alimtazama kwa heshima, kwa bidii hata, kama anavyotazama mtu saa iliyosimama akitaka kujua inasema nini. Halafu akasema sawa. Alikuwa akisema sawa kwa daktari, kwa majirani, kwa kila aliyemwambia jambo alilopaswa kulijua. Nyundo akaenda kusimama dirishani, akawapa mgongo.

Ni baba mwenyewe aliyepata ufumbuzi, na ulimpendeza. Akamgeukia Chiriku. “Dada, wewe unayetusaidia kuandika. Jioni hizi una nafasi? Ingia wewe. Tunakosa mtu mmoja tu. Jina lako nani?”

Alitaka kusema jina la kwenye cheti. Kilichotoka kikawa kingine.

“Chiriku.”

Akaliandika herufi moja moja. Baba akasogea karibu na kioo, akalisoma kwa sauti, “Chiriku,” akatulia. Akageuka kumtazama, kama zamani, kwa mwendo ule ule wa shingo.

“Jina zuri,” baba akasema. “Nani alikupa?”

“Baba yangu.”

“Msalimie. Anajua kuchagua.”

Mchezo sasa ukauliza mpangilio wa msafara, nani atangulie, nani afuate. Hilo halikubadilika tangu zamani, anayetangulia ndiye anayepigwa kwanza. Baba akalifikiria kwa uzito, mkono kidevuni, mpima ardhi anayepanga kazi. Akamweka Tulizo nyuma kabisa, salama. Mbele yake akamweka Nyundo. Mbele ya Nyundo akajiweka mwenyewe. Kisha akaonekana kuona aibu kidogo.

“Usinielewe vibaya, dada. Hawa ni familia yangu.” Akaonyesha juu ya orodha. “Wewe utatangulia.”

Dirishani Nyundo alikuwa ameshika pazia kwa mikono yote miwili. Chiriku akapeleka jina lake juu, nafasi moja, ya pili, ya tatu, mpaka likawa la kwanza. Mlango wa pango ukafunguka, giza lake lilikuwa zuri sana, hata maji yalisikika yakidondoka. Baba akampigapiga mkononi.

“Usiogope,” akamwambia. “Sisi tuko nyuma yako.”

“Haya, mzee,” akasema Chiriku, kwa sauti anayoitumia dukani kwa wateja wazee, akabonyeza.