Siyo Bakawa, Mwanangu

Saa kumi ya alasiri, Alhamisi, Jumuiya ya Wapenzi wa Bustani ya Visa ilikutana kwenye mkahawa mmoja wa Khuwair ya Kusini, kama ilivyokutana kila Alhamisi kwa miaka minne. Waliunganisha meza tatu, wakaagiza chai ya maziwa kumi na moja, na Thabit, fundi mitambo wa kiwanda cha mabomba, akasogeza chupa ya pilipili ili atandaze ramani ya upanuzi.

Ajenda ilikuwa moja: je, filamu za nje ziingizwe bustanini?

Bustani ya Visa ipo nyuma ya viwanda vya Rusayl. Ilipofunguliwa ilikuwa na michezo sita ya kupanda vigari, na yote sita ilitokana na hadithi zilizosimuliwa majumbani mwa watu wa Maskati. Sasa wenye bustani walikuwa wamenunua haki za *Faru wa Angani*, filamu saba za ng'ambo kuhusu faru wanaolinda sayari, na walihitaji jengo. Jengo walilolichagua lilikuwa la mmoja wa ile sita, Mtungi wa Bahari.

"Bustani bila filamu ni bustani ya mboga," alisema Thabit. "Watu wanafunga safari mpaka Dubai kwa nini? Kutazama mitungi?"

"Na joto hili faru atalistahamili?" aliuliza Wadha, mwalimu wa biolojia. "Halafu kwa taarifa yako, faru hangurumi. Faru hukoroma. Filamu saba, na hakuna hata mmoja wao aliyekwenda kumsikiliza faru."

"Na mtungi unaomeza bahari, uliusikiliza wewe?"

"Mtungi wa kwetu, yakhe. Wa kwetu haukaguliwi."

Watu walicheka. Muatasim, katibu wa jumuiya, aliziandika hoja zote mbili kwenye daftari, kila moja upande wake.

Ruqaya alikaa mwisho wa meza. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na alikuja moja kwa moja kutoka kazini, sare ya buluu mwilini na kitambulisho shingoni. Cheo kilichoandikwa kwenye kitambulisho kilikuwa Mwitikiaji. Hapakuwa na Mwitikiaji mwingine bustanini, wala nchini.

Hadithi ya Mtungi wa Bahari ilisimuliwa na bibi yake, Bi Masouda, mzaliwa wa Unguja aliyeishi Sidab miaka hamsini. Walimrekodi kwa siku tatu akiwa na umri wa miaka themanini na mbili, naye akafariki wiki moja kabla ya ufunguzi. Siku ya ufunguzi wageni walikaa kwenye vigari, taa zikazimwa, na sauti ikasema, "Paukwa!" Halafu ikanyamaza. Vigari havikwenda. Mafundi walikagua nyaya. Siku ya pili walibadilisha mota, na siku ya tatu reli. Sauti ilisema paukwa, ikangoja. Siku ya nne mfagiaji mmoja wa Mombasa, aliyekuwa akifuta viti, aliitikia "Pakawa" kwa mazoea tu, na vigari vikaondoka naye, kitambaa mkononi.

Meneja aliandika kwenye ripoti kwamba hitilafu imepatikana: msimulizi alikuwa hajaitikiwa.

Waliweka kibao mlangoni cha kuwafundisha wageni neno hilo. Lakini Kiarabu hakina herufi ya p, na wageni wengi waliitikia, "Bakawa!" Bi Masouda hakukubali. "Siyo bakawa, mwanangu," alisema kwenye spika. "Mtoto wa nani wewe?" Na hilo nalo alingoja lijibiwe. Wengine walimtajia baba, babu na ukoo, na yeye akawauliza habari za shangazi zao, na foleni ikafika maegesho ya magari. Ndipo alipoajiriwa Ruqaya. P yake ilikuwa imenyooka, kwa sababu aliipokea kwa mwenyewe.

Mara arobaini kwa siku bibi yake alimwita, na yeye alimwitikia. Kisha Bi Masouda alisimulia kwa dakika nane namna mwanamke wa Sidab alivyoazimisha mtungi wake ukarudishwa ukiwa na bahari ndani. Siku nyingine aliongeza mambo ambayo hayakuwa kwenye rekodi. Ruqaya akiwa na mafua, sauti ilimwambia, "Kanywe tangawizi kwanza, nnakusubiri," na vigari vyote kumi na viwili vilisubiri tangawizi.

Kila Ijumaa Ruqaya alikwenda makaburini Sidab. Kule hakuitwa hata mara moja.

"Dada Ruqaya," alisema Muatasim, "wewe nikuandike upande gani?"

"Mimi nataka bibi yangu aachwe amalize hadithi yake."

"Hayo ni mapenzi, si hoja," alisema Thabit kwa upole. "Sie hapa tunatafuta hoja."

Ilikuwa karibu na magharibi Muatasim alipoleta suluhu. Filamu iingie, alisema, lakini mwanzo usiguswe. Bi Masouda aseme paukwa, aitikiwe, halafu waje faru. Kwa njia hiyo urithi unabaki na wageni wanapatikana. Meza nzima ilifurahi. Wadha alisema hilo ni jambo la busara, ilimradi faru wakorome. Thabit aliahidi kukoroma yeye mwenyewe ikibidi.

"Haiwezekani," alisema Ruqaya. "Mtu akishaitikiwa lazima asimulie. Ndiyo maana ya kuitikiwa."

"Sekunde nne za urithi, dada," alisema Muatasim. "Kuna bustani hazina hata moja."

Kura ilipigwa Jumapili kwenye kundi la simu la wanachama wote. Walioafiki suluhu walikuwa mia mbili na kumi na wawili, waliokataa thelathini na sita. Ruqaya hakupiga kura. Alikuwa kazini, na simu hazikuruhusiwa kwenye vigari.

Wenye bustani waliwashukuru wapenzi kwa barua na kuwapa fulana. Lakini wenye filamu, huko kwao, walisema hadithi ya faru haina mtu anayekaa kigari cha mbele na kuitikia, kwa hiyo mwitikio uwe wa mashine. Walimrekodi Ruqaya. Bi Masouda alisikiliza rekodi hiyo mara tatu. "Huyu hana pumzi," alisema, na vigari havikwenda.

Baada ya hapo Ruqaya aliitwa kwenye ghala moja la Rusayl, ambako mhandisi wa sauti aliyeitwa Loay alikuwa amefunga mashine nyingine, ndogo kuliko ile ya kwanza.

"Ile ilikuwa inanakili," alisema Loay. "Hii inachukua."

"Inachukua nini?"

"Herufi moja. Utabaki nazo nyingi tu."

"Nikikataa?"

"Jengo linavunjwa, wanajengewa faru jipya. Spika zinakwenda jalalani pamoja na chochote kilichomo."

Mkataba ulikuwa wa Kiarabu, kurasa tatu. Kwa kuwa Kiarabu hakina p, kifungu cha nne kilisema kwamba Ruqaya anatoa, kwa hiari yake na kwa muda wote, herufi ya ba. Ruqaya aliliona hilo. Loay naye aliliona.

"Inaeleweka," alisema Loay, akampa kalamu.

Alitia saini, akasimama mbele ya kipaza sauti, akasema, "Pakawa." Ilitoka nzuri kuliko zote alizowahi kuzisema. Alihisi kitu kidogo kikipita midomoni, kama kokwa ya ukwaju.

"Hebu irudie," alisema Loay.

"Bakawa," alisema Ruqaya.

"Tosha." Loay alizima mashine, akaifunika kitambaa.

Nyumbani Sidab, mama yake, Bi Shatha, alikuwa ameshapakua chakula. Hamood, kaka yake Ruqaya, afisa wa wizara moja, alikuwa amekuja na wanawe, nao walikuwa wanakula kwenye chumba cha pili.

"Ongeza pilau," alisema mama.

"Habana, mama. Bilau imetosha."

Bi Shatha alishika mwiko hewani kwa muda. "Umeitoa?"

"Nimeitoa."

"Na bibi yako? Yupo?"

"Yubo."

Mama alirudisha mwiko sufuriani na kuanza kutoa vijiti vya mdalasini, kimoja kimoja, akivipanga ukingoni mwa sahani. Hamood alitoka chumba cha pili, akampa dada yake mkono wa pongezi. "Mimi ofisini ilinichukua miaka kumi kuiacha herufi hiyo," alisema. "Wewe siku moja." Hakuwa anatania.

Wiki iliyofuata Ruqaya alipeleka malalamiko kwenye ofisi inayopokea malalamiko ya wafanyakazi. Karani aliusoma mkataba wote, polepole, akiufuata kwa kidole.

"Umetoa ba," alisema kwa Kiarabu. "Hebu sema ba."

"Ba."

"Ipo," alisema karani. "Hakuna kilichopotea."

Ruqaya akataka kusema neno moja tu la Kiswahili, neno la kukataa, na likatoka habana. Karani, aliyelelewa na bibi wa Unguja na kujua Kiswahili kiasi, aling'amua kwamba si neno. Hakuliandika. Aligonga muhuri na kumwita mtu aliyefuata.

Jengo lilifunguliwa tena mwezi wa kwanza, hali ya hewa ilipokuwa nzuri. Cheo cha Mwitikiaji kilikuwa kimefutwa, na Ruqaya alipewa tiketi moja ya bure kwa kuthamini mchango wake. Jumuiya ilikuja yote, na fulana. Thabit na Wadha walikaa kigari cha mbele yake. Picha ya Mtungi wa Bahari ilikuwa bado imechorwa ukutani. Juu yake walikuwa wamechora sayari.

Taa zilizimwa.

"Paukwa!" alisema Bi Masouda.

"Pakawa!" aliitikia Ruqaya kutoka darini, kwa sauti safi, yenye pumzi. Ruqaya aliyekuwa kwenye kigari alifunga mdomo.

Vigari viliondoka. Bi Masouda alivuta pumzi, kama alivyoivuta siku zote kabla ya kuanza, na faru wa kwanza akanguruma. "Tulieni basi nianze," alisikika akisema chini ya mngurumo. Faru wa pili akanguruma. Sayari ilipasuka upande wa kushoto, na upepo wa mashine ukawapiga usoni. Bi Masouda alisema tena kwamba ameshaitikiwa na anataka kusimulia. Mkononi mwake, mtu angedhani, alikuwa bado ameshika ule mtungi na hapana pa kuutua.

Ruqaya aliinama kwenye spika ndogo iliyokuwa karibu na goti lake, ile ambayo kwayo bibi yake alimwambia habari za tangawizi.

"Bibi," alisema.

"Labeka. Nani?"

"Mimi. Bakawa."

"Siyo bakawa, mwanangu," alisema Bi Masouda kwa upole, kama alivyowaambia wageni wote. "Mtoto wa nani wewe?"

Ruqaya alifungua mdomo amtajie. Faru wa tano, ambaye ndiye mkubwa, alinguruma kwa sekunde ishirini na mbili, na aliponyamaza milango ilikuwa imefunguka, na jua la Rusayl lilikuwa limewafikia magotini. Sauti ya mashine iliwaomba washuke upande wa kulia.

Nje, jumuiya ilisimama kivulini. Thabit alisema pembe ya yule mkubwa ilikuwa ya filamu ya tatu ilhali alama ya begani ni ya filamu ya tano, na kwamba hilo ni kosa lisilosameheka. Wadha alisema hajasikia hata mkoromo mmoja.

"Lakini urithi umebaki," alisema Muatasim. "Mmesikia?"

Wote walikubali kwamba wamesikia. Muatasim alifungua daftari, akaandika.

Ruqaya alikuwa ameshafika langoni. Kundi la pili lilikuwa limekaa kwenye vigari, na milango ya jengo ilikuwa haijafungwa sawasawa. Nyuma yake bibi yake aliita, na yeye akaitikia kutoka darini.