Mto Uliofutwa Kathonzweni

Kwaru, kwaru. Jogoo hajawika, Syokau akamsikia mumewe, Ndolo, akikwangua rangi iliyoganda kwenye mkebe. Alitumia kijiko cha wageni. Syokau akajifunika shuka tena. Mzee wa umri wa Ndolo akipata kazi ya kumtoa kitandani alfajiri, mwachie kijiko.

Kanisa lilikuwa limempa ukuta wa nyuma ya mimbari, naye alijua huo ndio ukuta wake wa mwisho. Ujanani alichora mapazia ya studio ya Othman, mjini Kitui. Watu walitoka mbali kupigwa picha mbele ya maporomoko ya maji na milima ya theluji ambayo mchoraji mwenyewe hakuwahi kuiona; aliinakili kutoka kalenda. Safari hii alichora nchi aliyoijua: mto mkavu wa mchanga, visima vilivyochimbwa humo na kuzungushiwa miiba, punda wakingoja zamu, na matuta ya mashamba yakipanda kilima.

Alipomaliza, kamati ikaja kukagua. Mwenyekiti alikuwa Mbuvi, mtu asiyekunywa chai bila kuilaumu kwanza.

"Mzee, huu ni ukame," Mbuvi akasema. "Ukame tunao huko nje, bure. Nani atatoa sadaka akitazama punda?"

Akataka maporomoko, na theluji kidogo. Mwingine akaomba bata weupe. Syokau akawatazama wakiagiza baridi ya Ulaya huku wakijipepea kwa vitabu vya nyimbo.

Wakaleta fundi wa mjini, akaufuta mto wa Ndolo. Jumapili theluji ilikuwa tele, bata wana shingo za ngamia, na maji yanammwagikia mhubiri utosini. Waumini wakasema ni pazuri kama mbinguni. Labda huko mbinguni hakuna anayetumwa kuteka maji.

Ndolo alirudi kitandani, akageukia ukuta, na chakula kikawa kinarudi jikoni kama kilivyokwenda.

Aliyemwinua ni Kanini, mama yake Mbuvi. Miguu ilikuwa imemkataa, na tangu mvua za mwaka juzi hakuwa ameuona mto. Akatuma neno: amesikia mwanawe amefuta mto, basi Ndolo alete rangi, ukuta wake uko wazi na humu ndani hakuna kamati.

Wakaenda. Ndolo alichora, Syokau akamshikia mkebe, na Kanini akakosoa kutoka kitandani. Kilima kimelala. Miiba ni haba, hata mbuzi kiwete angepita. Lakini kila mkono wa Ndolo ulipoanza kutetemeka, Kanini alisema macho yake mwenyewe yamechoka, wapumzike kidogo. Syokau aliliona hilo, akaliweka moyoni.

Jioni Mbuvi akarudi, akasimama katikati ya chumba, mbele ya ule ukuta.

"Mama, hata hapa nyumbani?"

"Sogea," Kanini akamwambia. "Unanizibia kisima."

Mbuvi akasogea. Mama yake akautazama mto kwa muda mrefu, kisha akamgeukia Ndolo.

"Huyo anayeteka maji ni mimi? Mimi sikuwa na mgongo wa kobe. Uje kesho uninyooshe. Na kesho kutwa uje pia, wewe na Syokau. Sitakosa kasoro nyingine."